Mashine ya Baba na Mvua ya Saa Tisa

Juzi mteja mmoja aliniletea kompyuta ya zamani, ile ya sanduku zito, akaitua juu ya meza yangu na kusema kwamba saa yake inachelewa. Haijakufa, alisema, inachelewa tu. Leo nusu saa, kesho dakika kumi, keshokutwa haichelewi kabisa. Alikuwa ameipeleka kwa mafundi wawili, kila mmoja akakaa nayo siku kadhaa na kuirudisha akisema haina neno. Nilifungua skrubu, nikatoa ubavu wa sanduku, na vumbi la ndani likanifika puani. Lilikuwa vumbi la nyumba ambamo omena, dagaa wa ziwani, huwekwa kwa magunia, kavu, chungu kidogo, lenye harufu ya ziwa. Nikaketi. Vijana wangu wawili wa kazi walidhani mgongo umenishika tena.

Nilimwuliza yule mteja swali moja. Nani huichomoa?

Akafikiri. "Watoto," akasema. "Wanachomoa ndiyo wachaji simu."

Vijana wangu walinitazama kama mtu aliyetoa sungura kwenye kofia. Mimi si fundi wa kubahatisha. Nina diploma, imetundikwa ukutani pale nyuma ya kaunta, na niliilipia mwenyewe muhula kwa muhula baada ya miaka sita ya kufua na kupika katika nyumba za watu Uarabuni. Niliondoka Kisumu na begi moja lenye zipu mbovu. Leo duka hili la Otonglo ni langu, mabati yake ni yangu, na nusu ya kompyuta zinazofanya kazi kati ya hapa na mjini zimepita mikononi mwangu. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimechoka kungoja mtu mwingine ayaseme. Lakini lile swali sikulifundishwa chuoni. Nililijua nikiwa na miaka kumi, na laiti ningelijua mwezi mmoja mapema.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka enzi ambazo kompyuta ilikuwa ikivishwa nguo. Yetu ilivaa kitambaa cheupe chenye maua ya bluu pembeni, alichoshona Mama kwa mkono. Baba alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja mjini, na kampuni iliponunua mashine mpya, zile kuukuu ikawauzia wafanyakazi. Alikuja nayo nyumbani juu ya mkokoteni, yeye akitembea kando ameishika kwa mkono mmoja, kama mtu anayemsindikiza ng'ombe wa mahari. Majirani walitoka kutazama. Hakuna nyumba nyingine kwenye ploti ile iliyokuwa na kitu kama hicho. Akaiweka sebuleni kwenye meza iliyogusana na ukuta wa nyuma, akachomeka, ikanguruma, na katika pembe ya chini ya skrini ikatokea saa.

Baba aliipenda ile saa kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya mashine. Alikuwa mtu wa wakati. Saa yake ya mkononi aliirekebisha kila jioni kwa mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari, na aliyechelewa kwa chakula alikula kilichopoa. Kwetu hata majina hubeba saa. Yeye alizaliwa jua likiwa utosini akaitwa Ochieng', Mama akazaliwa usiku akaitwa Atieno, na nyanya yangu, mama yake Mama, akazaliwa asubuhi akaitwa Akinyi. Ni ile mashine peke yake iliyokuja kwetu bila kujua saa yake.

Nyanya tulimwita Dani, na alikuwa amekuja kwetu kutoka Pap Onditi kwa ajili ya macho. Hospitalini walikuwa wamemfanyia upasuaji jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa likingoja tarehe yake. Kuja kwake hakukuwa jambo dogo. Kwetu mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na mama mkwe halali katika boma la mume wa binti yake. Ilibidi wajomba wakae kikao, wakasema nyumba ya kupanga mjini si boma la mtu, ni mahali pa kulaza mbavu tu, kwa hiyo mwiko haujavunjwa. Dani akapewa chumba cha nyuma chenye mlango wake wa nje. Ukuta uliomtenga na sebule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulimsikia akigeuka kitandani.

Jioni Baba alipofika alikohoa mara mbili getini. Dani alipokisikia hicho kikohozi aliacha alichokuwa anafanya jikoni, akatoka kwa nyuma na kuingia chumbani kwake. Miezi miwili niliyowaona chini ya mabati yale sikuwahi kusikia mmoja akimsemesha mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa waya wao. Dani angesema kupitia ukutani, "Mwambie baba yako ahsante kwa sukari," na Baba, aliyeketi hatua tatu kutoka kwangu na aliyesikia kila neno, angengoja nimgeukie niseme, "Baba, Dani anasema ahsante kwa sukari." Naye angesema, "Mwambie si kitu." Nami ningeuambia ukuta kwamba si kitu. Niliona ni kazi kubwa, na sikuwahi kupunguza neno.

Sheria ya mashine ilikuwa moja. Nikitoka shule saa kumi nifanye kazi ya nyumbani, na saa kumi na moja ikigonga niifunue nicheze na kuandika kwa saa nzima, basi. Saa kumi na mbili Baba anafika, anaketi, ananawa mikono hata kama ni misafi, ndipo anaigusa. Alikuwa akiandika barua za kanisa na za majirani wasio na mashine.

Siku ya kwanza alipotazama saa ya skrini kisha saa ya mkononi, aliikuta ya skrini imechelewa. Aliirekebisha. Siku ya pili ilikuwa nyuma kwa dakika arobaini. Akamwuliza jirani kama stima ilipotea mchana, jirani akasema haikupotea, yeye alikuwa anapiga pasi. Siku ya tatu saa ilikuwa sawa. Ya nne, nyuma kwa dakika ishirini na tano. Baba akafunga kamba kwenye mashine, akaibeba kwa fundi mjini.

Fundi alikaa nayo wiki nzima imechomekwa kwenye benchi lake usiku na mchana. Haikuchelewa hata dakika moja. Baba alinichukua Jumamosi twende kuileta, na fundi, kijana mwenye maneno mengi, akamwambia mbele yangu, "Mzee, hii mashine ni nzima kuliko mimi. Shida iko kwa watu wa nyumbani." Kisha akanitazama akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichonifunga. Njiani nilimwona Baba akipiga hesabu. Mama mchana yuko sokoni Otonglo akiuza omena, na siku mbili kwa wiki anakwenda Usenge kuzinunua. Dani ni mgonjwa wa macho na ni mama mkwe, hawezi kukanyaga sebule ya mkwewe. Nani hubaki na mashine? Tena alikwishaona jambo jingine. Jumamosi na Jumapili, akiwa nyumbani, saa haikuchelewa kamwe.

"Unadhani mimi ni mjinga," aliniambia jioni ya Jumatatu, saa ilipokuwa nyuma kwa nusu saa. "Unairudisha nyuma ndiyo lisaa lako lisiishe. Unaniibia saa ndani ya nyumba yangu."

Nikasema siyo mimi. Akaniuliza ni nani basi, paka? Na hapo hasira zikampanda, akasema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka natamani kumziba mdomo. Alisema, "Huna adabu kwa sababu hukufunzwa. Mama yako hakukufunza, na yeye sijui ni nani alimfunza."

Upande wa pili wa ukuta kijiko kilikuwa kikikoroga uji. Kikasimama.

Mama aliinua kichwa akamtazama Baba, na Baba akautazama ukuta. Nilikuwa mtoto, nikadhani wametulia kwa sababu ya makosa yangu. Sikujua kwamba amemtukana mama mkwe wake, kwake, akisikia, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi hata akiwa amelewa. Hangeweza hata kumwomba radhi, maana hawasemezani. Na mimi waya sikupewa ujumbe wa kupeleka.

Hukumu ilitoka siku hiyo hiyo. Kama saa itaendelea kuchelewa hadi shule zifungwe, nitahamishiwa Pap Onditi kwa mjomba, nisome huko, mahali pasipo stima wala mashine ya kuiba. Nililia usiku ule kama mtu aliyefiwa. Asubuhi nikatoa daftari jipya la miraba na kuanza kazi ambayo naweza kusema, bila aibu, kwamba ndiyo iliyonilisha hadi leo.

Kila siku saa kumi na moja nilifungua redio. Mlio uliposikika nilitazama saa ya skrini na kuandika tofauti. Kwa kuwa sikujua kinachosababisha, niliandika kila kitu. Nilikuwa nalo daftari hilo mpaka nilipoondoka kwenda Uarabuni, na kurasa zake nazijua kwa moyo. Jumatatu, mvua kubwa, imechelewa dakika arobaini na tano, nimekula viazi. Jumanne, jua, haikuchelewa, kalamu imepotea. Jumatano, mvua ndogo, ngurumo nyingi, dakika thelathini. Jumamosi, mvua kubwa na ngurumo, haikuchelewa, Baba yupo.

Baada ya wiki mbili niliona. Mnaoijua Kisumu mnajua ile mvua ya saa tisa, inavyojikusanya juu ya ziwa tangu adhuhuri, ikaja na radi zinazotikisa madirisha, na saa kumi jua linawaka tena kana kwamba hakuna aliyekosea. Siku zote ambazo saa ilichelewa zilikuwa siku za mvua. Viazi havikuhusika, wala kalamu. Nikaandika kwa herufi kubwa: MASHINE INAOGOPA RADI. Na chini yake, kwa sababu ya zile Jumamosi: Baba akiwapo haiogopi. Kwangu ilieleweka kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Nilikimbia kumwambia Dani. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, jicho la kushoto bado limefunikwa kwa bandeji nyeupe, akichambua mchele kwa vidole zaidi ya macho. Nilimsomea daftari lote, na viazi. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua uso.

"Na baba yako anasema nini?" aliniuliza.

Nikamwambia nitahamishiwa kwa mjomba.

"Pap Onditi si jela, nyakwara," akasema, akitumia neno letu la mjukuu. Kisha akaendelea na mchele. Nilipoinuka akaongeza kwa sauti ya chini, "Hilo daftari liache sasa. Umeandika ya kutosha."

Sikuliacha. Nilikuwa na jibu, na tangu utotoni nikiwa na jibu siwezi kulilalia.

Wiki ya mwisho ya muhula walimu walikuwa na mkutano, tukaachiliwa saa nane. Mawingu yalikuwa yameshafika mjini na ngurumo ya kwanza ilinikuta barabarani. Nilikimbia, nikafika nyumbani kabla ya tone, na mlango wa sebule ulikuwa wazi.

Dani alikuwa ndani. Alikuwa amejifunika leso kichwani hadi kwenye nyusi. Kioo cha ukutani alikuwa ameshakigeuza kikitazama ukuta, kisije kikaita radi. Alikuwa amepiga magoti kando ya meza ya Baba, ndara moja ya plastiki ameivaa mkononi kama glavu, na kwa mkono huo alikuwa akipapasa ukuta kutafuta plagi. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu, la kushoto chini ya bandeji. Aliipapasa, akaipata, akaivuta kwa nguvu, akarudi nyuma ameketi, akashusha pumzi. Ndipo akajua kuna mtu mlangoni.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Dani."

Radi ikapiga upande wa ziwa. Alingoja ipite. Halafu aliniambia, bila kuinuka, habari ambayo hakuwahi kumwambia mtu mjini. Kule kwao, kabla Mama hajazaliwa, radi iliingia nyumba ya jirani yake. Iliufuata waya wa redio kutoka juu ya mti, ikapita dirishani, ikaenda nao hadi kitandani walikolala watoto wawili. Dani ndiye aliyeingia wa kwanza. "Baba yako ameweka waya ukutani, na upande wa pili wa ukuta nalala mimi, na chumba cha pili unalala wewe," alisema. "Ningemwambia nani? Yeye siwezi kumwambia. Mama yako nikimwambia atamwambia, naye baba yako atacheka, atasema mama mkwe ana mambo ya kizamani. Nikaona nichomoe, mvua ikiisha nirudishe. Sikujua saa inakaa ndani ya waya."

Mvua ilipoisha alinionyesha soketi nimsaidie kuchomeka, akarudisha kitambaa, akanyoosha maua yake ya bluu kwa kiganja. Mlangoni akasema, "Hukuniona." Nikasema sikumwona.

Niliitunza ahadi hiyo kwa saa tatu.

Baba alifika, akakohoa, akanawa mikono, akatazama skrini. Ilikuwa nyuma kwa dakika hamsini. Hakufoka. Alimwita Mama atoke jikoni, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kufoka kwamba Ijumaa shule zikifungwa nitasafiri, begi lianze kufungwa. Mama akasema sawa. Hapo ndipo nikaenda kuleta daftari.

Nilisimama katikati ya sebule nikasoma. Nilisoma kama karani wa mahakama, siku kwa siku, mvua na jua na dakika. Nilimwona Baba akianza kusikiliza kweli. Aliinamia mbele. Nilipofika kwenye zile Jumamosi alisema, "Ngoja, rudia hapo," na nikarudia, na machoni pake nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekitafuta tangu mashine ije. Alikuwa ananistahi. Akaniuliza, kama mtu anayemwuliza fundi, "Sasa wewe unasema ni nini?"

Ningesema mashine inaogopa radi. Jibu hilo nilikuwa nalo, liliandikwa kwa herufi kubwa, wangecheka, na pengine mambo yangeishia pale. Lakini nilikuwa na jibu la kweli, na alikuwa ameniuliza.

"Ni Dani," nikasema. "Huja akachomoa."

Nilisubiri kusifiwa. Baba hakuinuka. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakitazama kile kitambaa chenye maua. Mama alisema, "Umesema nini wewe?" lakini macho yake yalikuwa kwa Baba, si kwangu. Na ukuta ulikuwa kimya, ukimya wa mtu aliyeketi wima kitandani akiwa amesikia kila neno. Niliwatazama wote wawili nikaona ajabu kwamba hakuna aliyemkasirikia Dani. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Baba alikuwa anasikia tena maneno yake mwenyewe: sijui ni nani alimfunza.

Asubuhi chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiwa na blanketi limekunjwa mara nne. Dani alikuwa ameondoka na gari la kwanza. Chupa ya dawa ya macho ilikuwa dirishani, imebaki nusu. Tarehe ya jicho la kulia ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Mama alimfuata mara mbili. Mara zote mbili alirudi peke yake na jibu lile lile, kwamba mtu aliyekwishagusa vitu vya mkwewe harudi chini ya paa lake. Wajomba wakasema wataongea naye, wakaongea, tarehe ikapita. Mimi sikuhamishwa. Hakuna aliyetaja tena habari za kuhamishwa, wala za lisaa. Ningeweza kucheza hadi macho yaniume.

Saa sasa ilikwenda sawasawa. Niliendelea kuiandika kwa siku kadhaa, kwa mazoea, sifuri, sifuri, sifuri. Halafu likizo ikiwa katikati, Mama yuko Usenge na Baba kazini, mawingu yakaja. Nilikuwa peke yangu. Ngurumo ya kwanza ilipopiga nilitazama kule ambako waya unaingia ukutani, nikautazama ukuta wenyewe, na chumba kilichokuwa kitupu nyuma yake. Nilivua ndara. Nikaivaa mkononi. Nilichomoa, nikageuza kioo, nikakaa sakafuni hadi jua liliporudi.

Jioni Baba alifika. Alikohoa getini mara mbili, ingawa hakukuwa tena na wa kukoholewa. Akaketi, akatazama skrini, akatazama saa ya mkononi. Dakika thelathini na tano. Nilisimama kando ya mlango nikingoja.

"Leo mvua ilinyesha?" akauliza.

"Ilinyesha, Baba."

Akairekebisha, akaanza kuandika barua zake.

Ikawa hivyo. Siku za mvua nilichomoa, naye akairekebisha. Kisha Jumamosi moja, mvua ilipokusanyika yeye akiwa nyumbani, nilimwona akiinuka kwenye kiti chake, akainama taratibu kwa sababu ya magoti, akaichomoa mwenyewe. Hakuvaa ndara. Lakini kioo alikigeuza.

Mwisho wa likizo ile alinituma Pap Onditi na sukari, majani ya chai na blanketi jipya. Kituoni alinipa ujumbe. Alinifanya niurudie mara mbili, kama zamani, nisipunguze neno.

Dani alikuwa uani akianika mtama. Alinijua kwa sauti. Nilimpa vitu, nikampa maji ya kunywa kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi, kisha nikasimama wima mbele yake nikasema, "Dani, Baba amenituma nikuambie kwamba saa yake bado inachelewa."

Aligeuza lile jicho la kushoto upande wangu. Bandeji ilikuwa imeshatoka.

"Nani anaichomoa?"

"Mimi. Jumamosi, yeye."

Aliinamisha kichwa akaanza kucheka bila sauti, kiganja kikiwa mdomoni, mabega yakitikisika, mpaka akafuta macho yote mawili kwa pembe ya leso, lile linaloona na lile lisiloona. "Mwambie nimesikia," akasema.

Lakini kwa ajili ya jicho hakurudi. Nilipokuwa Uarabuni niliandika kwamba nitagharamia kila kitu, na daktari akatazama akasema muda umepita. Aliishi na jicho moja hadi masika yaliyopita tulipomzika. Watu waliniambia mazishini kwamba nimefanya vyema kumwekea stima nyumbani mwake, na ni kweli, nilimwekea, taa tatu na soketi moja. Ile soketi haikuwahi kutumika. Nilikuta ameiziba kwa nta ya mshumaa.

Yule mteja wangu wa juzi nilimbadilishia betri. Ni betri ndogo, duara kama sarafu, imelala ndani ya kila kompyuta, na kazi yake ni kuishikilia saa wakati plagi haiko ukutani. Ikichoka, saa husimama kila unapochomoa. Ni kazi ya dakika tano. Angekuwa fundi wa kweli yule wa zamani aliyenicheka, angeibadilisha, na Dani angechomoa kila mvua ya Mungu bila mtu kujua, na jicho lake la kulia lingefika tarehe yake.

Nilipopata diploma, kabla hata ya kuitundika, nilinunua betri kama hiyo nikaipeleka kwa Baba. Alikuwa amestaafu, mashine ile ile bado iko sebuleni, kitambaa kimekuwa rangi ya chai. Nilimweleza ugonjwa wa mashine tangu mwanzo hadi mwisho, kwa maneno ya chuoni, na nikiri nilijisikia mkubwa. Aliipokea betri, akaiweka katikati ya kiganja, akaigeuza upande huu na huu.

"Hii ikiingia," aliniuliza, "mtu akichomoa sitajua?"

"Hutajua, Baba. Saa haitachelewa tena."

Akanirudishia mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Basi iache," akasema.